Mpira wa Shingoni na Adabu ya Kunyamaza

Zamani, mgonjwa wa moyo kutoka Ihanda alikuwa na mambo mawili mbele yake: arudi nyumbani na vidonge vya kupunguza maji mwilini, au jina lake liandikwe kwenye orodha ya kwenda India. La tatu halikuwapo. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2016, nasi wa Mbozi tukajikuta na makao makuu ya mkoa hapa jirani, Vwawa. Barabara kuu iendayo Zambia ilikuwa hii hii, malori yakipita usiku na mchana kuelekea Tunduma. Mgonjwa aliyevimba miguu alisimama kando yake akiomba lifti ya kwenda Vwawa, au hospitali ya misheni ya Wamoraviani kule Mbozi, na hali ikizidi, Mbeya.

Wengi wao walikuwa vijana. Mioyo yao iliharibika utotoni, kwa koo lililouma wiki moja na kupuuzwa, au kwa mtoto kupelekwa kwa mkata kimeo wakati alihitaji penisilini. Bakteria wa koo aitwaye streptokokasi huufanya mwili ujitetee, na katika kujitetea huko mwili hushambulia milango ya moyo wake wenyewe. Miaka inapita. Siku moja msichana anapanda mteremko wa shamba la kahawa aliouzoea tangu utoto, anashindwa kuumaliza. Au anabeba mimba, na mimba ndiyo inayomfichulia ugonjwa.

Mimi nilikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, baadaye nikasomea kazi ya dawa za usingizi. Nimestaafu, nimerudi kwenye kahawa zetu, na hapa kijijini bado naitwa Sista. Kwa hiyo nimeiona safari ya wagonjwa hawa tangu enzi za orodha ya India mpaka leo. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 huduma ile ikawa taasisi inayojitegemea, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wataalamu wake wamefanya kazi bega kwa bega na wageni kama Open Heart International ya Australia na Save a Child's Heart ya Israeli. Habari hiyo imeandikwa sana, na inastahili. Nataka kukumbuka sehemu yake ndogo ambayo magazeti hayaigusi: mpira wa shingoni.

Upasuaji wa kufungua moyo hauendi bila mpira huo. Moyo uliotoka kupasuliwa huhitaji kusaidiwa kwa dawa kali, adrenalini na noradrenalini, na dawa hizo zikipitishwa muda mrefu kwenye kanula ya mkononi zinaweza kuunguza mshipa na nyama inayouzunguka. Potasiamu nzito ni vivyo hivyo. Ndiyo maana mpira mrefu wa plastiki, wenye njia mbili tatu ndani yake, hupitishwa kwenye vena kubwa ya shingo au ile iliyo chini ya mtulinga, mpaka ncha yake ifike kwenye vena kuu inayomwaga damu moyoni. Pale damu ni nyingi na dawa huchanganyika mara moja. Kupitia mpira huo huo hupimwa presha ya damu inayorudi moyoni, ikajulikana kama mgonjwa amepungukiwa maji au amefurika. Upande wa kulia wa shingo ndio unaopendelewa, kwa sababu njia yake imenyooka moja kwa moja hadi moyoni, kilele cha pafu la kulia kiko chini kidogo kuliko cha kushoto, na mrija mkuu wa limfu unapita kushoto.

Sasa nieleze jinsi mpira huu ulivyokuwa ukiwekwa zamani, maana kijana anayeanza kazi leo huenda asiamini.

Kazi yote ilifanywa kwa kupapasa. Mgonjwa alilazwa chali, kitanda kikainamishwa ili kichwa kiwe chini ya miguu na vena ijae, uso ukageuzwa kushoto. Daktari alitafuta kwa kidole pembetatu ndogo pale msuli wa shingo unapogawanyika mara mbili juu ya mtulinga. Vidole vya mkono wa kushoto vilikaa juu ya ateri inayodunda, ile inayopeleka damu ubongoni, ili ijulikane ilipo ikwepwe. Sindano iliingia kando yake, ikiwa imelazwa kidogo, ikielekezwa kwenye chuchu ya upande ule ule, na bomba likivutwa taratibu njia nzima. Damu ikija, bomba linatolewa, waya mwembamba unapitishwa ndani ya sindano, sindano inatoka, na mpira unaufuata waya. Njia hiyo ya waya aliibuni Mswidi Sven-Ivar Seldinger, akaichapisha mwaka 1953, na hadi leo ndiyo inayofuatwa.

Shida ni kwamba vena na ateri za shingoni ni majirani wa karibu mno. Kwa baadhi ya watu moja imelala juu ya nyingine, na kidole hakiwezi kulijua hilo.

Tulifundishwa kutofautisha kwa macho: damu nyeusi inayotiririka polepole ni ya vena, nyekundu inayoruka ni ya ateri. Kwa mtu mwenye moyo mzima kanuni hiyo husaidia. Kwa mgonjwa wa moyo inadanganya, na hapo ndipo ugumu wa wagonjwa hawa ulipo. Moyo ukichoka, presha inashuka, na damu ya ateri hairuki tena; inatoka kinyonge. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, yule mwenye midomo ya bluu, hata ateri zake zina damu nyeusi. Na mtu ambaye valvu ya upande wa kulia wa moyo inavuja, vena zake za shingo hujaa na kudunda mpaka ukadhani ni ateri. Kila alama tuliyopewa ilikuwa na mgonjwa wa moyo wa kuikanusha.

Lakini palikuwa na jaribio moja ambalo wauguzi wa zamani waliliamini kuliko rangi ya damu. Kabla ya kupitisha kitu chochote kinene, unaunganisha kipande cha mpira wa dripu kwenye kanula nyembamba iliyoingia mshipani, unaacha damu ijae, kisha unakiinua wima. Damu ya vena hushuka kurudi mwilini. Damu ya ateri hupanda, na huzidi kupanda, hata kwa mgonjwa mnyonge. Ni jambo la nusu dakika, lisilohitaji umeme wala fedha za kigeni.

Namkumbuka kijana mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa mtu wa huku kwetu, utingo wa malori ya Zambia. Valvu yake ilikuwa imebana, mapigo yamevurugika, naye alikuwa kwenye dawa za kuzuia damu isigande. Jina lake lilikuwa limeshapitishwa kwenda India. Akiwa anasubiri tarehe, moyo ulimzidi, akaletwa kwetu, ikaamuliwa awekewe mpira wa shingoni. Aliyesimama kumsaidia daktari alikuwa muuguzi aliyenizidi umri na kazi, mwanamke ambaye sisi wadogo tulimwita Dada Mkubwa. Damu ilikuja nyeusi. Daktari akaridhika. Dada Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, “Daktari, samahani, tuinue kwanza mpira tuangalie.”

Akajibiwa, “Sista, nipe waya.”

Akampa waya. Mpira mnene ukapita. Walipofungua dripu maji hayakushuka. Damu ndiyo iliyopanda, nyeusi ile ile, ikielekea kwenye chupa. Mpira ukavutwa pale pale. Siku hizi inafundishwa kwamba mpira mnene ukishaingia kwenye ateri ya shingo, usalama ni kuuacha ulipo na kumwita daktari wa upasuaji aushone mshipa anapoutoa. Daktari wa namna hiyo hatukuwa naye. Shingo ya yule kijana ilivimba mbele yetu, uvimbe ukaanza kusukuma koo la hewa upande mmoja. Walipokezana kubana kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Usiku ule alipona. Safari yake ikaahirishwa, jina likarudi kwenye foleni, na foleni ile haikumfikia.

Sindano hukosea njia. Hata leo, mikononi mwa mabingwa, hukosea. Kinachoniuma mpaka sasa ni kwamba siku ile ujuzi wa kuzuia yale madhara ulikuwamo chumbani, umesimama kwa miguu yake, na ulikwisha kusema. Ulikosa wa kuusikiliza. Jioni Dada Mkubwa aliandika ripoti ya zamu kama ilivyoandikwa siku zote: mgonjwa ana uvimbe shingoni, anafuatiliwa. Alichokisema hakukiandika. Hapakuwa na mahali pa kukiandika, wala hapakuwa na mtu ambaye angeuliza.

Vijana wa leo wanaweza kumlaumu daktari yule, au kumlaumu Dada Mkubwa kwa kutosimama imara. Mimi siwalaumu, kwa kuwa nayajua malezi yetu. Nyumbani mdogo hamkatizi mkubwa maneno. Chuoni tulifundishwa kusimama daktari anapoingia wodini, kutangulia na mafaili kwenye raundi, na kujibu tunapoulizwa. Adabu ile ilikuwa na faida zake: wodi zilikuwa safi, zamu zilikabidhiwa kwa wakati, na mgonjwa hakusikia tukigombana juu ya kitanda chake. Hasara yake haikuonekana kwa sababu haikuwahi kuhesabiwa.

Historia ya mpira huu nayo ina muuguzi ndani yake. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kuthibitisha kwamba mtu anaweza kupitishiwa mpira hadi moyoni asife. Mkuu wake alimkataza. Vifaa vilivyotakaswa vilikuwa mikononi mwa muuguzi, Gerda Ditzen, na Forssmann alimshawishi mpaka akakubali, kwa sharti kwamba jaribio lifanywe juu yake yeye muuguzi. Forssmann alimlaza na kumfunga kwenye meza, akajifanya anamwandaa, kumbe alikuwa anapitisha mpira wa mkojo kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, sentimita zipatazo 65. Akamfungua, wakaenda pamoja chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha ncha ya mpira imefika moyoni. Mwaka 1956 Forssmann alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ditzen ndiye aliyetoa vifaa, akautoa na mwili wake mwenyewe kwa ajili ya jaribio, na jina lake wanalijua wachache. Mara nyingi nimemfikiria kando ya Dada Mkubwa.

Madhara ya mpira wa shingoni hayaishii kwenye ateri. Sindano ikipita chini ya mtulinga na kwenda ndani mno, hugusa pafu, hewa ikaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Ndiyo sababu ya eksirei ya kifua baada ya kazi. Waya ukisukumwa mbali unaugusa moyo wenyewe, na moyo mgonjwa ulioguswa huanza kuruka mapigo. Waya huo ukiachiliwa hata kidogo huweza kumezwa na mshipa mzima mzima, kwa hiyo kanuni ya kwanza ni mkono mmoja usiuachie waya hadi utoke. Na kwa anayekwenda kufunguliwa moyo kuna jambo moja zaidi. Kabla ya kuunganishwa na mashine ya moyo na mapafu, hupewa heparini kwa wingi, damu yake isigande kabisa ndani ya mashine. Tundu dogo la sindano kwenye ateri, ambalo kwa mtu mwingine lingezibwa kwa kubanwa dakika chache, kwake huwa chemchemi. Timu yenye busara, ikigundua ateri imeingiwa na mpira mnene, huweza kulazimika kuahirisha upasuaji wenyewe.

Kuna madhara yanayokuja wakati wa kuutoa. Mgonjwa akiwa ameketi, anavuta pumzi, na mpira unatolewa shingoni, hewa inaweza kufyonzwa kupitia lile tundu hadi moyoni. Inachukua pumzi moja. Zamani kuutoa mpira kulihesabiwa kazi ndogo, ya kumalizia zamu, akaachiwa yeyote aliye karibu. Niliona mgonjwa akitolewa mpira huku amekaa ukingoni mwa kitanda, tayari kwenda bafuni, na aliyeutoa hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna namna ya kuutoa.

Halafu kuna maambukizi, na hapa ndipo kumbukumbu zangu zinakuwa nzito kuliko pote. Glovu zetu zilikuwa za kufuliwa. Tulizifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi, tukazijaza hewa moja moja kutafuta matundu, tukazipaka poda, ndipo zikaenda kwenye mtambo wa mvuke wa kutakasia. Maji yalikatika. Gauni na shuka za kumfunika mgonjwa mwili mzima zilitunzwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Wodini kipande cha kitambaa chenye tundu katikati kilionekana kinatosha. Mpira ukishawekwa ulikaa. Ulikaa mpaka mgonjwa aruhusiwe, au mpaka homa ipande. Hakuna aliyeuliza kama bado una kazi, kwa sababu ulikuwa umepatikana kwa shida na ilionekana ni hasara kuutoa. Kwa mwenye valvu mpya ya bandia, vijidudu vinavyoingia kwenye damu kupitia shingo huenda kutua juu ya valvu ile ile aliyosafiri kuifuata, na vikishajenga hapo, antibiotiki peke yake mara nyingi haiwezi kuving'oa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili, na watu wengi huiona moja tu.

Njia ya kwanza ni altrasaundi. Kipande cha mashine kinawekwa shingoni, na kwenye kioo yanaonekana maduara mawili meusi. Ukibonyeza kidogo, duara la vena linasinyaa. La ateri linabaki mviringo, likidunda. Sindano inaingia ukiiona. Uingereza iliipendekeza rasmi njia hiyo mwaka 2002, na wagonjwa wa moyo wanaihitaji kuliko wengine, kwa kuwa haiangalii rangi ya damu wala nguvu yake. Siku ya kwanza nilipoona daktari kijana akifanya kwa dakika chache kazi ambayo mabingwa wetu walitokwa jasho kuifanya, nilifurahi, kisha nikawakumbuka wote waliochomwa kwa kupapasa, nikanyamaza.

Lakini altrasaundi haioni kila kitu. Ncha ya sindano huweza kutoka nje ya picha bila mtu kujua, ikatoboa vena upande wa nyuma na kuingia ateri iliyo chini yake. Kwa hiyo hata mwenye kioo mbele yake anapaswa kuutafuta waya ndani ya vena, na kupima presha au kuinua kipande cha mpira, kabla ya kupitisha kitu kinene. Ushauri wa Dada Mkubwa haujapitwa na wakati.

Njia ya pili ya mabadiliko haina mashine, na sehemu yake muhimu ilijaribiwa nchini mwetu. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha fupi ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara mkoani Morogoro. Orodha ile inaitaka timu isimame kabla ya kisu, kila mmoja ajitambulishe kwa jina na kazi yake, na maswali machache yaulizwe kwa sauti. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: katika hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Nilipoisoma habari ya Ifakara nilijiuliza kujitambulisha kwa majina kunamponyaje mgonjwa. Jibu nililiona kazini: mtu aliyekwisha kusikika akitaja jina lake huona wepesi wa kusikika tena anapoona hatari.

Kuhusu mpira wenyewe, kazi inayotajwa sana ni ya Peter Pronovost na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2006, kutoka vyumba vya wagonjwa mahututi zaidi ya 100, karibu vyote katika jimbo la Michigan, Marekani. Walisisitiza mambo matano: kunawa mikono, kumfunika mgonjwa mwili mzima na kuvaa gauni, kofia, barakoa na glovu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena inapowezekana, na kuutoa mpira mara tu usipohitajika. Katika chumba cha katikati kwenye safu yao, maambukizi ya damu yalishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mipira hadi sifuri, ndani ya miezi mitatu, na hali hiyo ikadumu. Mambo yote matano tuliyajua. Sabuni tulikuwa nayo, walau siku maji yalipotoka. Tofauti yao ilikuwa kwamba daktari akiruka hatua, na mgonjwa hayuko kwenye dharura, aliyesimama kando aliruhusiwa kusema simama, na kazi ikasimama kweli.

Hilo ndilo ambalo Dada Mkubwa hakuwa nalo. Alikuwa na jicho, alikuwa na jaribio la kupima, na aliufungua mdomo wake. Kilichokosekana ni kanuni ya hospitali inayosema kwamba neno lake linasimamisha waya.

Hapa Ihanda yupo binti wa jirani aliyebadilishiwa valvu Dar es Salaam. Safari ni kilomita zipatazo 900, na siku hizi haihitaji pasipoti. Kabla hawajapanda basi mama yake alikuja kuniuliza abebe nini. Nilimwambia habari za khanga, chai na namba za simu, kisha nikamwambia swali moja la kuuliza kila siku atakayoruhusiwa kumwona mwanawe: “Mpira wa shingoni bado una kazi?” Alikuwa na wasiwasi. Ameishia darasa la saba, na aliona si adabu kumuuliza mtaalamu. Nikamwambia aanze na shikamoo au habari za kazi, kisha aulize.

Aliuliza. Muuguzi kijana akamjibu kwamba dawa za kuusukuma moyo zimesimamishwa tangu usiku, na mpira unatoka siku ile ile. Mama alisimulia vizuri kuliko mwanafunzi wa uuguzi: yule sista alinawa, akavaa glovu, akamlaza binti chali bila mto, akamwambia avute pumzi na aishikilie, akautoa, akabana kwa muda mrefu, akafunika tundu kwa plasta isiyopitisha hewa, akamwambia asiinuke kwanza. “Akanishukuru kwa kuuliza,” mama alisema, na hilo ndilo alilolirudia mara nyingi zaidi.

Nililia aliponieleza. Nilimlilia utingo wetu, ambaye angekuwa sasa mtu wa wajukuu.

Binti amerudi. Kovu refu liko kifuani, na vidoti viwili vidogo viko shingoni chini ya ukosi. Yaliyobaki si mepesi: anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, anatakiwa apimwe damu mara kwa mara, na anachomwa penisilini kila baada ya wiki tatu hadi nne ili koo lisije likauharibu moyo tena. Watoto wa Ihanda bado wanaumwa makoo, na bado wapo wanaopelekwa kukatwa kimeo. Kila mzazi anayemfikisha mtoto wake zahanati kwa ajili ya koo anamwepusha na kisu cha kifua, na mpira wa shingoni pia.

Ninaandika haya sasa kwa sababu mipira hii haiko Dar es Salaam peke yake tena. Hospitali za kanda na za mikoa zinaiweka kwa wagonjwa mahututi na kwa wanaosafishwa damu kwa figo zilizoshindwa, na huduma hizo zinazidi kusogea kwetu. Nafurahi. Tunapoomba mashine za altrasaundi, tuombe na karatasi ya ukaguzi ibandikwe juu ya kila kitanda: nani ameweka mpira, lini, nani alithibitisha kwamba ni vena, na leo bado una kazi gani. Wakuu wa hospitali waseme mbele ya wafanyakazi wote kwamba muuguzi, hata wa mafunzo, akisema “tusimame kwanza,” kazi inasimama na hakuna atakayemwadhibu. Karatasi hiyo haina gharama. Bila ruhusa hiyo, mashine itamwonyesha muuguzi hatari kwenye kioo, naye atanyamaza kama zamani.

Na ninyi ndugu wa mgonjwa mnaosafiri kutoka huku kwetu, ulizeni. Salimieni kwanza, kisha ulizeni. Mwenye mpira shingoni mara nyingi amelala usingizi wa dawa, hawezi kujisemea.